Mkono wa Kabula

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Buhongwa tuko salama, bibi yako anakusalimu. Unauliza kama profesa mzima naweza kumwonea mtu wivu. Yupo mmoja.

Kabula wa Misungwi, mhandisi kemikali mwenzangu tulipokuwa vijana, alitaka kutengeneza bandeji za majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki aina ya sangara. Mimi mzaliwa wa Kirumba, niliyezoea kuona ngozi hizo zikitupiwa mbwa, nilimcheka.

Miaka ikapita, mama yangu akaungua mkono kwa mafuta ya kukaangia. Bandeji ya Kabula ikamponya. Nilishukuru, lakini kila alipokuja mgeni mama alimwonyesha: "Ona, mkono huu ni wa Kabula."

Nami, mwanawe profesa, nipo hapo hapo namimina chai.

Babu yako