Wimbo wa Matita ya Mkonge

Jumatatu, 6 Julai 1953

Uji umemwagika tena. Honi ya shamba la mkonge ililia alfajiri, mama akainuka kama zamani, akatafuta panga awahi kipande chake cha kazi ya siku. Aliacha kukata mkonge kabla sijaanza kufundisha hapa misheni. Panga nimelificha darini. Nilipomrudisha ndani akapiga goti, akaniambia, "Shikamoo, mwalimu."

Mimi! Roda wake! Tangu lini mtoto akaamkiwa na mama yake? Sikuitika. Nimelia jikoni.

Jumatano, 8 Julai

Shikamoo tena jana. Tena leo. Nanyamaza. Sasa hataki kula chakula changu. Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye anayeshinda naye nikiwa shule. Anasema mama anamlalamikia kwa Kisagara: mwalimu wa nyumba hii ana kiburi, salamu haitikii. Kanipasulia leo: "Mwitikie, mwanangu. Unamtesa bure." Siwezi. Nikisema marahaba, nimekubali kwamba sina mama.

Ijumaa, 10 Julai

Muziki wangu umekwisha. Wa vyombo vitatu: mimi kinanda, karani Mgoa wa stesheni fidla, nesi wa misheni selo. Tuni nimeitoa kwa mama, ule wimbo aliouimba midomo imefumbwa akifunga matita ya mkonge. Anaimba, anakata pumzi akikaza kamba, anaendelea. Pale pa kukaza kamba nimeacha kimya.

Karani naye! Anaparamia vile vimya kama treni iliyochelewa kufika stesheni ya Munisagara. Nimemfokea mbele ya nesi. Aibu ilinishika baadaye, lakini laa, mtu asubiri!

Nisijidanganye. Sikuuandika kwa ajili ya kanisa. Nataka mama ausikie, aniite Roda. Mara moja tu.

Jumapili, 12 Julai

Tumepiga darasani baada ya ibada. Mama kakaa mbele, kanga mpya, shangazi ubavuni. Mwanzoni alichezea pindo tu. Kikaja kimya cha kwanza. Mikono yake ikainuka, ikakaza kamba isiyokuwepo. Cha pili, tena. Hakukosa hata kimoja. Karani alimwona, safari hii akasubiri vizuri kabisa. Nilimtazama mama hata vidole vikateleza.

Tulipomaliza nikaenda kupiga magoti mbele yake. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akanishika mkono. "Ahsante, mwalimu. Laiti ungemjua Roda wangu! Naye anapiga kinanda. Sijui mbona haji kuniona."

Watu walipiga makofi. Shangazi aliangalia dirishani.

Nimevunjika.

Jumatatu, 13 Julai

Honi. Ukungu milimani, baridi. Mama kaamka, panga hakuliulizia. Nikaweka uji mezani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Uso wake ukakunjuka. Akavuta kigoda, akaketi, akanywa. Nusu akaibakiza, akaifunika kwa sahani. Ya Roda, akasema, huenda akaja ana njaa.

Alipotoka kwenda kuota jua uani, nikaifunua, nikainywa. Ilikuwa imepoa.