Usukani Umenyooka, Gari Bado

Komora mjukuu wangu,

Bibi yako hajambo, na mpunga wetu hapa Kulesa umechanua. Lakini swali lako limenikasirisha mpaka chai imepoa. Eti gari linavuta kushoto, fundi kang'oa usukani, kaurudisha umenyooka, kisha anakwambia hiyo ndiyo alainmenti ya magurudumu?

Nikiwa dereva kijana Garsen, fundi alinifanyia hivyohivyo. Bibi yako aliposhikwa na uchungu, nikampakia kumpeleka Ngao ajifungue. Kwenye matope mikono iliteleza kidogo tu, gari likavuta kushoto mpaka mtaroni. Mengine siandiki. Baba yako alikuwa awe na dada.

Rudisha gari, yapimwe magurudumu yenyewe! Kabla ya hapo, usithubutu kumpakia kitukuu changu.

Babu yako