Neno Moja katika Kumbukumbu za Kikao

Chumba cha uani,
Kwa dada yako mkubwa.
9 Agosti

Mpendwa mpwa wangu, Bi Pingamizi,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Hujambo wewe, mumeo na watoto? Mgongo unaendeleaje na kazi ya kuinamia cherehani mchana kutwa? Mimi nipo, nakula kidogo na kulala sana. Daktari akija hunong'ona na dada yako mlangoni. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Watu wakinong'ona najua ni mimi ninayesemwa. Siku zangu si nyingi, wala siogopi. Kinachonisumbua ni kingine.

Nimepokea barua ya binti yako. Ameanza somo la sheria kidato cha tatu, na mwandiko wake ni wako mtupu, herufi zinakimbia kama zimechelewa kengele. Ameniuliza: "Babu, kwa nini mtu asikilizwe ikiwa kila mtu anajua amekosa?" Nimeshika kalamu mara tatu kumjibu, mara tatu nimeiweka. Inanipasa niseme nawe kwanza.

Unaikumbuka mahakama yetu ya darasani? Hakimu amejifunga pazia ndilo joho, nawe unasimama kila sentensi, "Pingamizi, mheshimiwa!" mpaka hakimu mwenyewe akakuomba, "Dada, kaa basi nipumue." Darasa zima lilicheka, nami nilijivuna kimyakimya. Niliwafundisha kwa kinywa changu: hahukumiwi mtu asiyesikilizwa.

Kisha kurasa za kitabu cha sheria, kile kimoja tu tulichokuwa nacho maktaba, zikakutwa zimekatwa kwa wembe. Jina la mwisho katika daftari la kuazima lilikuwa lako. Kamati ya nidhamu ilikaa Ijumaa, na mimi ndiye niliyekuwa katibu. Wewe ulikuwa kwenye benchi nje, sare umeipiga pasi, unangoja kuitwa. Nilikuona dirishani.

Hukuitwa. Miaka yote hii umeamini kwamba mjomba wako alikupigania akashindwa. Si kweli. Sikufungua mdomo. Niliogopa kuambiwa nambeba mtoto wa dada yangu. Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, malizia, chakula kinapoa." Nikaandika kwa mkono wangu: Mshtakiwa amesikilizwa.

Ukafukuzwa. Mama yako alipokata rufaa, wakubwa walisoma kumbukumbu zangu, wakaliona neno hilo, wakasema utaratibu umefuatwa. Nami nilikuja nyumbani nikamwambia, "Nimejitahidi, dada." Akanivutia kiti, akanishukuru. Amekufa akinishukuru.

Sikuombi unisamehe kwa kuwa ni mgonjwa. Ugonjwa si utetezi. Nimeiandikia bodi ya shule kwamba neno lile lilikuwa uongo, nikatia sahihi, na dada yako ameipeleka barua mwenyewe. Haitakurudishia dawati lako, najua. Lakini isibaki imeandikwa vile.

Swali la binti yako mjibu wewe. Mimi nililifundisha tu, wewe unalijua.

Dada yako anakusalimu, anasema usitume tena dawa za viungo, kabati limejaa. Nisalimie mumeo, fundi umeme wako, na huyo kitinda mimba mwenye meno mawili anayeuma kila mgeni. Mungu awalinde nyumbani na njiani, na macho yako yaendelee kuiona tundu ya sindano hata uzeeni.

Limebaki moja. Mpaka leo sijui nani alizikata kurasa zile, wala sijui siku ile ulitaka kusema nini, kwa sababu sikukuuliza. Nakuuliza sasa, mwanangu. Niandikie, hata kama ni wewe. Dada yako atanisomea polepole, nami sitamkatiza.

Anayekupenda, na anayekusikiliza,
Mjomba wako