Jina Lako Kwenye Fomu ya Stima

Wote, 9 Juni 1994

Mama Kisilu,

Pokea salamu zangu. Mgongo unaniuma kwa kubeba mawe ya jengo jipya la ofisi, lakini nimepanga nyumba ya vyumba viwili, na mlango unafungwa kwa kufuli yangu mwenyewe.

Gesi iko tayari. Gabow, mwenye duka, alileta mtungi na meko, akanionyesha jinsi ya kupaka povu la sabuni kwenye mpira ili kuona kama unavuja. Nilipaka mara tatu mpaka akacheka, "Mzee Mutiso, unauogesha?" Haukuvuja. Nilichemsha chai bila moshi hata kidogo.

Imebaki stima. Najua kwa nini ulirudi kwa mama yako huko Kwa Vonza. Koroboi iliyochoma nyumba yetu niliiangusha mimi, na nilikuwa nimelewa. Watu niliwaambia ni paka. Hakukuwa na paka. Tangu siku hiyo sijaonja pombe, na humu koroboi haitaingia.

Leo karani wa stima aliuliza fomu iandikwe jina la nani. Nikasema, la mke wangu, Mumbua Kilonzo. Akaniangalia. "Kwani wewe ndiye umeolewa?" Watu kwenye foleni wakacheka. Nikamwambia aandike tu.

Sasa hawataleta stima mpaka uje na kitambulisho utie sahihi. Balbu nimeshanunua, moja ya kila chumba. Kwa sasa ninakula mapema, jua likiwa bado lipo.

Ni mimi ninayekungoja,
Mutiso