Mianzi ya Ukingoni

Bunju, 6 Agosti 2024

Mwanangu Lulu,

Assalamu alaykum. Wajukuu hawajambo? Naandika maana kwenye simu nitalia. Wachimba mchanga wamemvunja baba yako mkono. Unajua tangu mto uanze kula makaburi, kila Ijumaa baada ya swala anawatoa waumini wake msikitini kupanda mianzi ukingoni ishike udongo, na malori ya mchanga yanakosa njia. "Ardhi ni amana, tutaulizwa," huwaambia. Jana walimkuta peke yake, wakampiga kwa makoleo, wakachoma miche yote. Anasema Ijumaa atarudi.

Mama yako,
Mwamvita

Temeke, 8 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, mie ndiye nisiyelala. Mlete baba huku. Wenye malori yale wana watu wao, nyie mna nani? Mungu hawezi kutaka mtu afe kwa ajili ya mianzi. Mwambie aswali nyumbani.

Binti yako,
Lulu

Bunju, 14 Agosti 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mie mwili upo. Uliondoka msibani kwa baba yako bila kuniaga, na sababu naijua. Ila hukuwepo mtoni, basi nikueleze mwenyewe.

Ijumaa baba yako alisimama mbele ya lori, mkono kwenye plasta. Sebastian, jirani yetu anayechimba nao mchanga, akashuka kwenye lori na panga. Akamkata shingo. Damu ilinirukia mdomoni. Watu wakamkamata, wakamponda mawe mpaka jicho likapasuka, wakamvisha tairi. Suhaib, mwanafunzi wa baba yako wa madrasa, akammwagia petroli. Ndipo nikamlalia Sebastian juu.

"Mama, toka!" Suhaib akafoka, kiberiti mkononi.

"Washa. Tuungue wote."

Sikumhurumia, Lulu. Namchukia mpaka sasa. Ila tungemchoma pale, nani angeinua tena mikono kumwomba Mungu mahali pale? Polisi wamemchukua. Malori yalirudi Jumatatu.

Mama yako,
Mwamvita

Temeke, 20 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Mgongo uliobabuka kwa petroli iliyokumwagikia unaendeleaje?

Nimeisoma barua yako, nikaichana. Ningekuwepo, kiberiti ningewasha mie. Nimeswali, hasira haijatoka. Sijamsamehe Sebastian, na wewe bado sijakusamehe.

Lakini Suhaib kanipigia. Kasema Ijumaa iliyopita ulishuka mtoni peke yako, watu wanaogopa, ukapanda mianzi mbele ya malori huku wanakutukana.

Keshokutwa nakuja. Tusiongee kwanza. Nionyeshe tu pa kuchimba.

Binti yako,
Lulu