Landrova Tuliyoigawa kwa Majirani

Jumapili, 8 Februari 1987

Leo nimebandika matangazo ya Baba ukutani. Yote! Gundi ni uji wa muhogo, vidole bado vinanata. Miaka sita ya ukimbizi Zaire tumeacha vitanda, tumeacha mbuzi, tumeacha sufuria motoni — lakini lile kopo la biskuti lenye picha za gari Baba hakuliacha. Marehemu Mama alikuwa anamwambia, wewe Yakubu ungeoa hiyo Landrova, mimi ungeniacha kwetu.

Baba alianza kuendesha Landrova 1953, ya wazungu wa kiwanda cha pamba. Wakitupa magazeti yao, yeye anakata tangazo la gari, anaweka. Mimi miaka yote nilidhani ni picha ileile moja. Jamani! Leo nimezipanga kwa umri, kutoka mlangoni mpaka dirishani, nikarudi nyuma kutazama. Kumbe gari inabadilika!

Ya kwanza haina rangi. Gari haina hata milango — inalima! Inavuta jembe, na kwenye kona inazungusha msumeno wa mbao. Mataa yamefichwa puani nyuma ya wavu, kama kuku bandani. Ya pili gari imerefuka, imebeba watu kumi na mizigo yao. Ya tatu rangi imeingia: twiga, na wazungu wa kaptura wanakunywa chai juu ya boneti. Kulima kumekwisha! Halafu mataa yanatoka kwenye wavu yanahamia kwenye madigadi, na gari sasa ni ya polisi, ya hospitali, ya jeshi. Ya mwisho niliipata mwenyewe sokoni Ariwara, kule Zaire, nimefungiwa maandazi: gari inang'aa mbele ya hoteli, tope hakuna hata tone, mwanamke wa viatu virefu ameegemea mlango.

Baba anasogea mpaka pua inagusa karatasi ndipo anaona kitu. Macho yake yanafunga. Akasema, kwanza waliiuza kama ng'ombe, sasa wanaiuza kama bibi arusi. Akacheka peke yake muda mrefu.

Jumanne, 10 Februari

Baba amesema neno lake. Anataka kuiona Lobule, kijiji cha kule Koboko alikozaliwa, kabla macho hayajafunga kabisa. Hajaiona tangu vita. Nikasema vizuri, tupande lori la sokoni. Akawaka! Mimi si gunia la muhogo, anasema. Anataka aende na gari yake, ashike stelingi mwenyewe, aone kilima cha kwao kwa macho yake.

Gari yake. Gari ipi?

Oktoba ya 1980, jeshi la serikali lilipokuwa linakuja kulipiza kisasi, Baba aliifungua Landrova yetu nati kwa nati akaigawa kwa majirani. Gari nzima inachukuliwa, mlango mmoja nani atauiba? Huyu alipewa gurudumu, yule rejeta, kila mmoja akaapa kuzika chake na kukirudisha. Wenye gari wote hapa Onduparaka, karibu na Arua mjini, walifanya hivyo, wiki ileile. Kisha tukakimbia. Nani leo anakumbuka rejeta ya mtu?

Jumamosi, 21 Februari

Wanakumbuka! Ninaandika na machozi, na kucheka pia.

Celestino, jirani yetu aliyekuwa dereva wa misheni, alipitisha habari kanisani na msikitini. Tangu asubuhi watu wanaingia uani. Injini ilikuwa chini ya ghala la mtama, imepakwa grisi, imeviringishwa turubai, safi kabisa. Magurudumu yametoka shimo la choo ambalo halikuchimbwa mpaka mwisho. Mtu mwingine hata hatumjui, anasema marehemu kaka yake alimwachia usia: hii springi ni ya Mzee Yakubu. Amekuja nayo kwa miguu. Subhanallah! Watu waliokula mizizi porini, hawakuuza springi ya mwenzao.

Mama Kaltumu wa nyumba ya nyuma amekuja na mlango kichwani, wa buluu, umechorwa jogoo mweupe. Nikamwambia mama, yetu ilikuwa kijani. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mimi nilizika mulango, nimeleta mulango. Wewe iko na maneno gani?"

Na jirani yetu Lado, masikini, ameleta sufuria mbili. Kichwa chini. Boneti yetu ndiyo hiyo — mafundi wa sufuria waliikuta shambani kwake wakaiyeyusha. Baba alizishika, akazigonga, akasema bati ya Landrova haishiki kutu, zitadumu. Tumepikia wali humo humo, Lado akala sahani mbili.

Jumatano, 4 Machi

Celestino anafunga, mimi nampa spana. Leo tumegombana na pua ya gari. Upande wa kulia taa iko nyuma ya wavu. Upande wa kushoto taa iko kwenye madigadi. Jicho moja puani, jicho moja shavuni! Nikakimbia ndani kutazama ukuta. Madigadi ya kulia ni ya picha ya pili. Ya kushoto ni ya picha ya jeshi. Boneti tuliyopewa na watu wa misheni ya Celestino ina mahali pa kulazia gurudumu la akiba, kama ile ya twiga.

Basi nimeelewa. Gari zilifunguliwa nyingi siku zilezile, gizani, kwa haraka, zikachanganyika. Majirani wamerudisha walichozika, na walichozika ni gari za watu watatu au wanne.

Nilitoka tena uani nikaitazama. Ukuta mzima wa Baba umesimama pale, miaka yote kwenye gari moja! Niliogopa hata kuigusa.

Ijumaa, 13 Machi

Tulimficha Baba habari hiyo, eti asivunjike moyo. Upuuzi wetu. Baada ya swala amekuja mwenyewe akaipapasa kuanzia nyuma. Alipofika puani akasimama. Huku hivi, huku hivi. Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

Akauliza nani ameleta hiki, nani ameleta kile, kila kipande. Tukamwambia. Kwa mlango wa jogoo tukamwita Mama Kaltumu mwenyewe. Akaeleza kwamba mwenye nao ni mtu wa Koboko, barabara ilifungwa akiwa hapa Arua, akaja kufungulia gari uani kwake. Jina hakusema. Akaacha mlango, akasema nitarudi, akakata porini kwa miguu kwenda kwao. Hakurudi.

Baba akasema basi huo ni wa kuazima, ufungeni polepole, msikwaruze jogoo wa watu.

Jumatatu, 23 Machi

IMEWAKA!

Betri hakuna, Celestino amezungusha hendeli mpaka shati limepasuka mgongoni. Moshi, kikohozi, kimya. Tena. Tena. Halafu ikanguruma, na mtaa mzima ukapiga vigelegele. Baba aliweka mikono miwili juu ya boneti, akakaa hivyo mpaka tulipoizima. 

Alhamisi, 26 Machi

Petroli ya magendo tumepata, ya kwenda na kurudi tu. Baba sasa anaona jua likiwa kali tu. Asubuhi ni ukungu, jioni ni giza. Amesema Jumamosi, si siku nyingine. Celestino ataendesha mpaka Koboko, na kipande cha Lobule, ambako zinapita baiskeli tu, Baba atashika stelingi. Mimi pembeni yake nitamwambia kushoto, kulia. Nimeogopa lakini nimekubali. Nampenda, nifanyeje?

Jumamosi, 28 Machi

Koboko. Ninaandika juu ya goti, ndani ya gari. Gari imesimama.

Safari ilikuwa nzuri, Mungu shahidi! Watoto walitukimbiza, wanaume walisimamisha majembe. Kwenye rodi bloku askari alizunguka gari mara mbili, akaangalia mataa, akauliza ni ya mwaka gani hii. Baba akasema ya miaka yote. Askari akacheka akainua kamba. Hapa Koboko Baba na Celestino wamebadilishana viti. Baba alikaa kwenye usukani, akajaribu gia zote, akavuta pumzi. Jua kali, saa nane. Tunakata kushoto tu, Lobule hiyo.

Hapo mwanamke akatoka kwenye meza za samaki wakavu akasimama mbele ya gari. Nilidhani kichaa. Akazunguka upande wangu, akaweka kiganja juu ya jogoo.

"Huyu mimi nilichora," akasema.

Anaitwa Margarita. Mume wake Kasimiro alikwenda Arua na gari, Oktoba ileile. Hakuonekana yeye, haikuonekana gari. Matanga hajaweka mpaka leo. Shemeji zake wanamwambia Kasimiro alioa Sudan, anaendesha huko, anamcheka. Miaka sita wanamwambia hivyo.

Nikamweleza ya Mama Kaltumu. Mtu wa Koboko alifungulia gari uani kwake, akaacha mlango, akasema nitarudi, akashika njia ya porini kuja huku. Margarita hakulia. Akauliza, "Alikuwa anakuja nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, nikasema tena. Watu walikuwa wamejaa.

Celestino akatoa spana, akasema mama, mlango ni wako, tunakufungulia sasa hivi. Akakataa kwa kichwa. "Mulango mutanipa kesho. Munipeleke kwa huyo mama. Nataka kusikia na masikio yangu, na nione njia alishika." Akafungua mlango, akaniambia nisogee, akakaa. Samaki wake ameacha juani.

Nikamwinamia Baba, nikamnong'oneza sikioni ili Margarita asisikie. Baba, huyu apande lori kesho, njia ya Arua haikimbii. Lobule iko hapa hapa. Petroli ikiisha leo hatuna nyingine, na macho yako ndiyo hayo. Moyo wangu ulikuwa mbaya, na bado ni mbaya. Siku zote hizi ni za nani kama si zake?

 Baba ameegemeza kichwa kwenye usukani. Margarita ameshika kitasa kwa mikono miwili, anatazama mbele. Celestino ameshuka anafukuza watoto. Ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Sasa Baba ameinua kichwa. Ameniuliza jua liko wapi. Nimemwambia liko juu, bado linatosha. Amepapasa gia, ameingiza ya nyuma.

Anasema nishuke nimwongoze kugeuza, turudi Arua.