Mabehewa Yanapita Kona ya Dirishani

Baba Achieng',

Nianze na habari ambayo wewe ungeiuliza kwanza. Mabehewa yanapita ile kona ya dirishani. Yote, isipokuwa la chakula. Jana yalizunguka meza mpaka chai yangu ikapoa, na hakuna hata moja lililoanguka.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako hapa Uriri, kwenye kiti chako. Ulipotuacha nilikifunga chumba hiki. Kila nilipopita mlangoni na kuona ile reli ndogo ya kuchezea juu ya meza, nilikuwa nageuka. Achieng' naye, akija kutoka Homa Bay anakofundisha, alikuwa anazungukia nje kwenda jikoni ili asipite hapa. Tulikuwa hatukutaji, Baba Achieng'. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya wanafunzi wake. Tukikaribia jina lako, mmoja wetu anainuka kuosha vikombe.

Kaka yako Okelo ndiye aliyesema wazi. Alikuja siku moja kutoka Migori mjini, akaniambia kwa upole, "Mama Achieng', vitu hivi vitakumaliza. Niache niipeleke meza kwangu, wewe uweke cherehani humu, upate mwanga wa dirisha." Achieng' akakubali. Nami nikakubali. Tukapatana waje kuichukua shule zikifungwa.

Halafu kifurushi chako kikafika.

Yale magurudumu ya chuma uliyoagiza ng'ambo ukiwa bado na nguvu, ukawa unayaulizia posta hata ulipokuwa huwezi tena kupanda ngazi zao. Nilikabidhiwa Ijumaa jua likizama, Sabato inaingia, kwa hiyo nikakiweka kabatini bila kukifungua. Kesho yake kanisani sikusikia mahubiri, Mungu anisamehe. Jumapili asubuhi nikakata kamba. Magurudumu yalikuwa madogo kama vifungo vya shati, yanang'aa, ya baridi mkononi. Chini yake kulikuwa na bogi mpya, zile fremu ndogo zinazoshika magurudumu chini ya behewa. Nililia. Kisha nikatafuta ufunguo wa chumba.

Unajua nilichokumbuka nilipoingia? Sauti yako ya kazi. Miaka yote ile ulikuwa mhudumu wa behewa la kulala kwenye treni ya Kisumu, na hata baada ya kurudi nyumbani na kufungua duka la kutengeneza redio, sauti ile haikukutoka. Yule padri mzee alipokuachia mabehewa haya akirudi kwao, uliyaweka mezani kama mtu aliyerudishiwa kazi yake. Lakini magurudumu yalikuwa ya plastiki, mepesi, yameliwa pembeni. Kwenye kona ya dirishani moja linatoka, linavuta mengine, yote yanalala ubavu. Nawe unasimama wima na kutangaza, "Abiria wapendwa, leo tumefika mapema kidogo." Achieng' alikuwa mdogo. Alikuwa anacheka mpaka kwikwi zinamshika.

Halafu ukigeuka kwangu unasema, "Siku moja, Nyar Asumbi, tutayavalisha viatu vya kweli." Uliniita hivyo, binti wa Asumbi, tangu uliponitoa kwetu. Sasa hakuna anayeniita.

Nilitaka kujaribu behewa moja tu. Mimi ni fundi wa nguo, vidole vyangu vimezoea vitu vidogo. Nikatoa magurudumu ya zamani na kutia ya chuma kwenye bogi zilezile. Yakagoma kuzunguka. Vyuma vyake vya katikati vilikuwa virefu kidogo, vinabanwa. Ndipo nikaelewa kwa nini uliagiza na bogi pia. Nikatia bogi mpya, nikalisukuma kwa kidole, likaenda vizuri mpaka kwenye kona, likaanguka kama kawaida yake.

Nikaligeuza juu chini nikaliangalia. Magurudumu yalikuwa yanasugua ngazi za chini ya mlango kila behewa linapopinda. Nikakata vipande vya mviringo kutoka kifuniko cha plastiki cha siagi, nikavipachika kama washa, zile pete bapa za skrubu, kati ya bogi na sakafu, behewa likainuka kidogo. Kusugua kukaisha. Lakini sasa likawa linayumba kama mtu aliyeamka na homa. Nikikaza skrubu zote mbili, gurudumu moja linaning'inia hewani. Nikizilegeza zote, linayumba. Nilishinda nalo hivyo, mpaka nikaenda jikoni kupika nikiwa nimekasirika.

Huko nikaketi kwenye kile kigoda changu cha miguu mitatu. Sakafu ya jikoni unaijua ilivyo na mashimo, lakini kigoda hakichezi, maana miguu mitatu hukanyaga yote. Nikaacha sufuria motoni nikarudi. Bogi ya mbele nikaikaza kiasi cha kuiruhusu igeuke tu. Ya nyuma nikailegeza, iweze na kuinama huku na huku. Behewa likatulia juu ya reli. Ugali uliungua, nikaula hivyohivyo, peke yangu, nikitabasamu.

Yale mengine nikayatengeneza vivyo hivyo, likabaki jambo la uzito, maana bado yalikuwa mepesi. Ndugu yangu Ochola, kule ufukweni Homa Bay, alinipa risasi za nyavu, zile zinazovuta wavu chini majini. Akaniuliza, "Utavua wapi Uriri?" Nikamwambia navua abiria. Alinitazama vibaya kidogo. Nilizishonea kwenye vipande vya kitambaa na kuzigandisha ndani ya kila behewa, katikati, chini ya viti.

Shule zikafungwa. Okelo akaja na pikapu, Achieng' yuko naye. Nikamwomba shemeji anywe chai kwanza. Achieng' akazungukia nje kama desturi yake, akaingia jikoni. Nami nikaja huku, nikaiwasha treni.

Baba Achieng', chuma kina sauti. Plastiki ilikuwa inakwaruza tu, lakini magurudumu haya yakipita maungio ya reli yanagonga, ta-ta, ta-ta, kwa mbali kama treni ya kweli. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini jikoni. Achieng' akaja kupitia ndani, akasimama mlangoni na mikono imelowa. Hakuyaangalia mabehewa, alikuwa anaangalia kona. Yakaja, yakainama kidogo, yakapita. Yakapita tena.

"Mama, hayaanguki," akasema.

"Hayaanguki."

"Sasa Baba angetangaza nini?"

Hilo ndilo lililotufungua. Alicheka na kulia kwa pamoja, nami vilevile, tukakutaja kwa jina mpaka jioni. Okelo alituona hivyo, akavuta kiti. Kisha akauliza, "La nyuma ndilo la kulala?" Akatueleza jinsi ulivyompa kitanda cha bure alipokuwa anakwenda kutafuta kazi Nairobi, ukamfunika blanketi mbili, ukamwamsha na chai. Hukuwahi kutuambia. Pikapu ilirudi Migori tupu, na meza hakuitaja tena.

Kwa hiyo niko salama. Silali vibaya. Achieng' anapita mlango huu sasa, na amenunua taa ndogo ya kuweka juu ya meza. Bado kuna siku nakutafuta kwa sauti kabla sijakumbuka, lakini siku hizo zinapita, nazo.

Limebaki behewa la chakula. Sakafu yake imepinda na bogi haikai sawa. Nakuahidi nitalimaliza. Nikikosea nitafungua skrubu nianze upya, muda ninao, na mikono yangu bado haitetemeki.

Pumzika, mume wangu. Huku njia iko wazi.

Ni mimi,
Mama Achieng'